Kidole Juu ya Bomba

Tanuri la chokaa lilikuwa limelala siku arobaini. Kiwanda ambacho kwa kawaida hunguruma kutwa kucha kilikuwa kimya kama darasa mbele ya mkaguzi. Vumbi jeupe lilikuwa limetua kila mahali: juu ya mapaa, juu ya mikokoteni, juu ya kofia ngumu zilizotundikwa zikiwangoja wenyewe. Siku zote hizo moto haukuwashwa, na sababu ilikuwa moja tu. Kifaa kilichopima moshi wa tanuri kilikuwa kimekufa, na sheria ya kiwanda haikuwa na kona: pasipo kipimo, pasiwe na moto.

Sheria hiyo haikuwekwa kwa urembo. Mawe ya chokaa yakichomwa kwa makaa, tanuri hutoa gesi isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyo na ladha. Moshi wa kawaida ni adui muungwana. Hubisha hodi machoni na kooni kabla ya kuingia. Gesi hii haibishi hodi. Humkalisha mtu kitako, humuumiza kichwa, humpa usingizi mtamu, na usingizi huo ukikolea hauna asubuhi. Kwa hiyo kiwanda kiliagiza kichanganuzi kipya cha gesi, kabati la chuma lenye uzito wa kilo sitini. Kazi yake ilikuwa kuvuta moshi kidogo kutoka tanurini kwa pampu yenye nguvu, kuupima, kuonyesha namba kwenye kioo chake, kisha kuutema nje. Wafanyakazi hawakuwa na muda wa jina refu. Walikiita Pua.

Aliyetumwa kuifunga Pua hiyo alikuwa fundi wa vipimo, mwanamke wa miaka ishirini na tisa ambaye wenzake walimpachika jina la Kinyonga. Hawakumwita hivyo kwa kugeuka rangi. Walimwita hivyo kwa mwendo. Kinyonga haweki uzito wake juu ya tawi kabla ya kulijaribu, na huyu naye hakukaza nati kabla ya kuichunguza pande zote. Alikuwa amefunga vifaa vingi chini ya uangalizi wa wakubwa wake, lakini hiki kilikuwa cha kwanza ambacho hati yake ya usalama ingebeba sahihi yake peke yake. Kazi ikinyooka, ni yake. Ikienda mrama, ni yake vilevile.

Tena palikuwa na jambo lililomkaa moyoni zaidi ya hati. Chumba cha kabati hilo kilipakana na chumba cha uendeshaji, na mwendesha tanuri wa zamu ya kwanza alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Huyo ndiye angekaa humo saa nane mfululizo, milango na madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi, akivuta hewa iliyoletwa na feni tu.

Haraka ilikuwepo, wala haikuwa haraka ya kubuni. Mtambo wa kusafisha maji ya mji ulitegemea chokaa ya kiwanda hiki, na ghala lake lilikuwa limebakiza chokaa ya siku tano. Tanuri baridi huchukua siku tatu hadi litoe chokaa inayofaa. Meneja wa kiwanda, mama wa makamo aliyezoea kuongea na simu mbili kwa wakati mmoja, alikuwa ameahidi kwamba moto ungewaka siku ya pili ya kazi, saa nane mchana.

Siku ya kwanza Kinyonga aliitumia karibu yote kwa ukuta. Ramani ilisema Pua itundikwe ukuta wa mashariki. Yeye aliweka bilauri ya maji kwenye rafu ya ukuta huo, kisha akaomba kinu cha kuvunjia mawe kiwashwe. Kinu kilipoanza kutafuna, maji yalitetemeka kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Hapa hapana," alisema. "Nani anaweza kunusa huku anatikiswa mabega?"

Basi wakahamia ukuta wa magharibi, ulio mbali na kinu. Matofali yake yalikuwa ya zamani, yanamung'unyika kwa drili, hivyo Kinyonga akataka fremu ya chuma yenye miguu iliyofungwa kwa bolti kwenye sakafu, ili ukuta usibebe uzito peke yake. Wachomeleaji walinung'unika, wakaitengeneza. Ilipofika saa ya kuinua kabati, shemeji yake alikuja akikunja mikono ya shati.

"Nipisheni. Hiki kikabati nakibeba kwa mkono mmoja."

"Mkono mmoja utabeba kabati, shemeji," alijibu Kinyonga, "na huo mwingine utabeba kiuno chako kukipeleka hospitali. Lete mnyororo wa kunyanyulia."

"Dada yako ananilisha vizuri, usiniogopee."

"Dada yangu ndiye ninayemwogopa."

Watu walicheka, mnyororo ukaletwa, kabati likapanda polepole na kuketi mahali pake. Kinyonga aliweka pimamaji juu yake, akalegeza, akakaza, akaliweka tena, mpaka kipovu kikasimama katikati. Akaunga waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, kabla ya waya mwingine wowote.

Kuhamisha ukuta, hata hivyo, kulihamisha na mengine. Bomba la kutemea moshi, lililokuwa litoke upande wa mashariki, sasa lilihitaji njia mpya. Kazi hiyo ilikuwa ya fundi bomba, mwanamume mwenye mikono hodari na subira fupi, ambaye kila mtu alimwita Chapchap. Chapchap alitoboa ukuta wa magharibi kutoka ndani, akasukuma nje bomba lililokunjwa kona, akaliunga na Pua, akaziba tundu kwa saruji. Jua lilipoanza kupoa alikuwa amemaliza, anapiga mluzi huku akifuta spana zake.

Siku ya pili, kufikia saa saba na nusu mchana, kazi yote ilionekana kukamilika. Kinyonga alikuwa amepuliza hewa safi ndani ya mabomba kwa dakika ishirini. Alikuwa amepaka povu la sabuni kwenye kila kiungo na kuinama karibu kama mtu anayesoma barua ya siri. Hakuna kiputo hata kimoja kilichotuna. Pua ilikuwa imewashwa na kujaribiwa kwa gesi ya chupa yenye kipimo kinachojulikana, ikajibu sawasawa. Makaa yalikuwa tanurini. Wafanyakazi walikuwa wamesimama uani, glavu mkononi, nyuso zao zikielekea mlango wa chumba kile.

Meneja aliingia akiwa na hati na kalamu.

"Mwanangu, hongera. Tia sahihi hapa, tuwashe."

Kinyonga aliipokea kalamu. "Bado kidole, mama."

"Kidole gani tena?"

Katika kikosi cha kina Kinyonga palikuwa na desturi moja ambayo haikuandikwa kwenye kitabu chochote cha maelekezo. Kabla ya gesi kufunguliwa, fundi huweka kidole juu ya bomba pale gesi inapoingia, akatembea nalo, kidole hakiinuki, hadi pale gesi inapokutana na anga. Kikiinuka, anaanza upya. Na asiyeruhusiwa kabisa kutembeza kidole peke yake ni yule aliyelaza bomba lenyewe, kwa kuwa jicho la mzazi halioni chongo la mwanawe.

Alipoeleza hivyo, Chapchap alitupa kitambaa chake chini.

"Dada, miaka kumi na saba nalaza mabomba. Umepaka sabuni yako, umeona kiputo? Hukuona. Sasa unanikagua mimi au unakagua bomba?"

"Bomba, kaka."

"Bomba ni mimi!"

Kinyonga hakubishana. Aliweka kidole cha shahada kwenye mdomo wa bomba la kuingizia, akaanza kutembea. Alipita chini ya dirisha, akazunguka nguzo, akafika kwenye kabati. Shemeji yake alikuwa ameegemea mlango.

"Shemeji, hilo bomba si bibi harusi," alisema, na uani wakaangua kicheko. "Unalisindikiza hadi wapi?"

"Hadi kwa mumewe."

Alitoka upande wa pili wa kabati, akafuata bomba la kutemea, hatua tatu, nne, kisha kidole chake kikagota kwenye saruji. Bomba lilikuwa limeingia ukutani.

"Haya, limetoka nje," alisema Chapchap. "Nje ni nje. Anga ni ile ile ya Mungu."

Kinyonga aliomba kwenda upande wa pili wa ukuta. Hapo ndipo mambo yalipokaza. Nyuma ya ukuta wa magharibi palikuwa na uwanja wa makaa uliozungushiwa ua wa mabati, na lango lake lilikuwa limefungwa. Mlinda ghala, mwenye ufunguo, alikuwa ametoka kwenda kula. Tena bomba lilitokeza juu, mahali pa kufikiwa kwa ngazi, na ngazi ndefu ilikuwa upande mwingine wa kiwanda.

Meneja alitazama saa yake. Simu moja ililia, akaikata. Ya pili ikalia.

"Mwanangu, nakuomba unielewe. Wale wa maji wananipigia kila baada ya nusu saa. Huko mjini kuna hospitali, kuna shule, wote wanakunywa maji hayo. Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Tumbo linaloumia hulia, mama," alisema Kinyonga kwa sauti ya chini. "Gesi hii haimpi mtu nafasi ya kulia."

"Lakini umepima kila kitu!"

Alikuwa amepima, ndiyo. Kinyonga aliitazama hati. Mstari wa sahihi ulikuwa mweupe, na ulimvuta kama godoro linavyomvuta mtu aliyechoka. Alimfikiria meneja, ambaye hakuwa mtu mbaya. Alifikiria maji ya mji, ambayo hayakuwa jambo dogo. Alimfikiria Chapchap, ambaye kazi yake ilikuwa safi kuliko ya mafundi wengi, na ambaye sasa alikuwa akifedheheka mbele ya wenzake. Dhidi ya hayo yote, alikuwa na nini? Kidole kilichogota ukutani. Aliiteremsha kalamu hadi ikagusa karatasi, ikaacha nukta moja ndogo ya wino.

Kisha akajiuliza swali lililomchoma. Kama meneja angemwuliza, "Moshi huu unatokea wapi?" yeye angejibu nini? Angejibu, "Nje." Na nje ni wapi? Hakujua. Alikuwa anataka kuapa kwa jambo ambalo hakulijua.

Alimrudishia meneja kalamu kwa mikono miwili.

"Mama, nisamehe. Siwezi kutia sahihi kwenye ukuta. Naomba mtu amfuate mlinda ghala, na watu wawili walete ngazi."

Ua mzima uliguna. Mtu mmoja alisema kwa sauti ya kusikika, "Kinyonga huyu, tukimsubiri, hata makaa yatarudi kuwa miti." Meneja alifumba macho, akavuta pumzi, kisha akatoka nje kumtuma mtu. Mwanamke huyo alikuwa na haraka, lakini sheria ya kiwanda aliijua.

Ngazi ilifika saa nane na nusu. Ufunguo ulifika saa tisa kasorobo, pamoja na mlinda ghala aliyekuwa bado anatafuna. Saa nane ya ahadi ilikuwa imeshapita. Kinyonga alifunga mkanda wa usalama, akapanda, huku Chapchap akishika ngazi kwa chini, uso ameukunja kama ngozi iliyoanikwa.

Kule juu, Kinyonga aliliona bomba: limetokeza vizuri, kona yake imekunjwa kwa ustadi, mdomo wake umeelekea chini mvua isiingie. Halikuwa na kasoro hata moja. Aliweka kidole juu ya mdomo huo, na angeteremka, kama macho yake yasingepanda kidogo. Kiasi cha mkono mmoja juu ya bomba palikuwa na wavu wa chuma wa mraba, umezibwa nusu na vumbi jeupe la siku arobaini.

"Kaka, hapa juu kuna nini? Dirisha?"

"Dirisha la zamani hilo," alijibu Chapchap kutoka chini. "Ndani halionekani hata."

Halikuonekana ndani kwa sababu lilikuwa juu ya dari. Kinyonga akachomoa uzi mrefu kwenye mkono wa ovaroli lake, akaushika mbele ya mdomo wa bomba. Uzi ulining'inia wima, umetulia.

"Shemeji!" aliita. "Nenda chumbani kwako, washa feni ya hewa."

"Ya nini? Sijaanza hata zamu."

"Washa tu."

Shemeji alienda, akiburuta miguu kwa makusudi. Muda ulipita. Kisha ndani ya ukuta kitu kilikohoa, kikanguruma, na wavu ukatikisika na kumwaga vumbi. Uzi ukajinyanyua. Ulipinda, ukapanda, ukanyooka kuelekea juu, ukalala juu ya wavu kana kwamba kuna mtu ndani ameukamata na anauvuta.

Kinyonga hakuuachia. Alibaki pale juu akiutazama. Pumzi ya tanuri ingetoka hapa. Ingepanda kiasi cha mkono mmoja, ingevutwa na feni, ingepita kwenye mfereji wa bati juu ya dari, na kushuka taratibu juu ya kichwa cha mtu aliyefunga madirisha yake ili asipate vumbi. Saa nane mfululizo. Pua ingefanya kazi yake bila kosa, ikionyesha hali ya tanuri kwa namba zilizo sahihi, huku ikimlisha sumu mtu anayezisoma.

"Kaka, panda na wewe," alisema alipoteremka.

Chapchap alipanda. Alikaa juu ya ngazi muda mrefu. Aliposhuka, uso ulikuwa umekunjuka, lakini rangi ilikuwa imemtoka.

"Jana feni ilikuwa imezimwa," alisema. "Nilitoboa kutoka ndani. Sikufika huku kabisa."

"Najua."

"Viungo vyangu vyote havivuji, dada."

"Havivuji, kaka. Kazi yako ni safi."

Shemeji alikuwa amerudi, ameshika kiuno, tayari na mzaha mdomoni. Chapchap alimwonyesha wavu, kisha bomba, kisha akamwelekezea kidole kifuani. Hakuhitaji kueleza. Yule mtu aliyetaka kubeba kilo sitini kwa mkono mmoja alitafuta kitu cha kukalia, akaketi juu ya rundo la makaa kwa suruali yake safi.

Meneja alikuja, akaonyeshwa uzi, akautazama ukipanda.

"Nani aliyekosea?" aliuliza.

Chapchap alifungua mdomo, lakini Kinyonga alimtangulia. "Ukuta niliuhamisha mimi, mama. Bomba likanifuata. Nilikuwa na hofu ya mtikisiko, nikasahau kuuliza upande huu mpya una nini. Ukiandika, tuandike sote wawili."

Jambo hilo lilimkaa Kinyonga moyoni kwa siku nyingi baadaye. Watu walimsifu kwa kuiona hatari, na yeye alijua kwamba hatari hiyo ilizaliwa na tahadhari yake mwenyewe. Tahadhari ya jana haikumpa ruhusa ya kupumzika leo. Kila badiliko, hata lililo jema, huja na deni la kutazama upya.

Chapchap alifanya kazi jioni ile kama mtu anayekimbizwa, ila kila kipimo alikipima mara mbili. Alilipeleka bomba kwenye pembe ya mbali ya jengo, mbali na wavu, akalipandisha hadi mita mbili juu ya paa, akakunja mdomo wake. Sabuni ilipakwa tena. Uzi ulishikwa tena, mbele ya wavu na mbele ya mdomo mpya, feni ikiwa inanguruma. Na kidole kilipotembezwa kwa mara ya pili, Chapchap mwenyewe ndiye aliyetangulia kuhamisha ngazi. Saa kumi na mbili kasorobo Kinyonga alitia sahihi.

Moto ukawashwa. Tanuri linapoamka ndipo hutoa sumu nyingi kuliko wakati wowote, na namba kwenye kioo cha Pua zilianza kupanda: zikapita mpaka wa manjano, zikapita mpaka mwekundu, zikaendelea. Kwa tanuri linalowashwa, hilo lilikuwa jambo la kawaida. Katika chumba cha uendeshaji, nyuma ya madirisha yaliyofungwa, shemeji alizisoma namba hizo, zilizoletwa kwa waya hadi kwenye kioo cha mezani kwake, kwa sauti moja moja, na kila baada ya namba alivuta pumzi ndefu, kama mtu anayeonja kitu alichokuwa hajui kama kina ladha.

"Shemeji," alisema bila kugeuka, "hewa ya humu nzuri."

"Endelea kusoma," alijibu Kinyonga, aliyesimama nyuma yake.

Nje, meneja alikuwa ameshika simu sikioni, akiongea na watu wa maji. Ghala lao lilikuwa bado na chokaa ya kuwavusha, ila walitaka kujua kwa nini ahadi ya saa nane imevunjwa, na walikuwa na haki ya kuuliza. Meneja aliwasikiliza hadi mwisho. Alitazama dirisha la chumba cha uendeshaji, ambako mtu mzima mwenye akili zake timamu alikuwa akimwashiria kwa dole gumba kwamba moto umeshika.

"Tumechelewa kwa saa nne, ndiyo," alisema. "Lakini chokaa itakuja, na aliyeichoma atakuwa hai. Wahenga hawakumsifu mvivu waliposema: kawia ufike."